Mistari Miwili Nyuma ya Yadi

Koko,

Mashine ilitembea. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Bon, ngoja nieleze pole pole, maana ulisemaka mimi naongea kama mtu anakimbia mvua.

Tangu tukuzike, bibi yangu, mambo hayajabadilika sana. Kitanda chako pale Berea analala mdogo wangu Aline, anasema godoro iko na bonde upande wa ukuta, na kila akilala anateremka mu bonde lako hata kama hataki. Vitenge vyako Mama aligawia wamama wa kanisa, akabakisha ule wa kijani. Lifti ya jengo ingali imekufa. Mimi niko palepale Isipingo, ku yadi ya vyuma chakavu, shaba upande huu, aluminiamu upande ule. Uncle mwenye yadi alikuwa amesema ataniingiza karakana siku nitamwonyesha kitu kimoja nimetengeneza mwenyewe, kikafanya kazi mbele ya macho yake. Kitu chenyewe kilikuwa ile mashine.

Unakumbuka vile ilikuja. Ilikuwa chini ya mzigo wa mabati, imetoka shamba fulani huko kaskazini: magurudumu mawili ya chuma, kiti cha chuma chenye matundu, na katikati mikono minne yenye visu, kama feni. Jina lake lilikuwa limeliwa na kutu. Nikaweka picha ku simu, watu wakajibu kila mtu na yake. Ya kukata majani. Ya kuchimba viazi. Mmoja akaapa ni ya dhahabu. Mimi nikaamini ile ya viazi, hata nikageuza visu viangalie chini kama vijiko, nikajiona fundi kabisa.

Wewe ulikuwa unachambua sombe, yale majani ya muhogo. Ukachukua simu na vidole vyenye majani, ukauliza toka kisu kikate mpaka kikate tena, pale katikati nafasi iko gani. Kesho yake nikazungusha gurudumu, nikapima kwa kamba, nikakuletea kamba yenyewe. Ukailaza juu ya mkono toka kiwiko, ukacheka.

"Hii ni kijiti cha moniteri."

Ndiyo ukanieleza. Wakati wa Wabelgiji, kule bonde la Ruzizi, pamba ilikuwa lazima kila nyumba ilime, na moniteri, msimamizi wa mashamba, anapita na kijiti chake, anakilaza toka shimo mpaka shimo. Nafasi ikipotea, baba yako anaitwa. Mlitia mbegu nyingi kwa shimo moja, na miche ikishatoa majani mnarudi kung'oa, mnaacha miwili tu. Watoto ndio waling'oa, kwa sababu mgongo wa mtoto uko karibu na udongo. Ulisema hivyo bila hasira, kama unaeleza vile bugali inasongwa.

Nikarudi ku simu, sasa najua natafuta nini, na nikaipata. Zamani walitengeneza mashine ya kupunguza miche ya pamba. Punda anavuta, gurudumu linazungusha gia, gia inazungusha visu, visu vinapita kwa upande wa mstari: vinakata, vinaruka, vinakata, vinaruka. Kile kimerukwa ndicho kinabaki. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikikuonyesha na mikono. Ukaniacha nimalize.

"Na inachagua aje?"

Haichagui, Koko. Inaruka tu.

"Sasa hiyo ni kupunguza ao ni ajali?"

Tulibishana mpaka Mama akatufukuza jikoni. Halafu ikaja ile ndoa ya Sydenham, ukumbi umepambwa, na juu ya kila meza matawi makavu ya pamba toka duka la maua. Ukakaa unayaangalia. Ukauliza kama kweli mtu alilipa ili pamba ikae ku meza ya ndoa. Keki ilipokatwa, watu wote macho kwa bibi harusi, wewe unaingiza pamba mu sakoshi yako ya mkononi. Mama aliona aibu. Ukamwambia umevuna pamba ya watu nyingi sana ya bure, hii kidogo watakusamehe.

Mbegu nyingi ndani yake zilikuwa nzima. Uncle alituruhusu mistari miwili nyuma ya yadi, kando ya waya, akifikiri ni maua. Ulikuja na teksi, na kofia ya kanisa, ukapanda mwenyewe. Huu wa mashine, huu wangu, ukasema, na siku ya kupunguza tutaona nani ni nani. Sipho, yule tunachambua naye vyuma, akauliza zawadi ni nini. Ukamwambia hakuna zawadi, anayeshindwa anapika.

Mwanzo wa mstari wako ulitia mbegu za kuzidi, ukaweka na jiwe pembeni. Shimo la kwanza hatupunguzi, ulisema, ni la wale walipanda na hawakuona miche inapunguzwa. Nikakuuliza kama ni mambo ya dini.

"Hapana. Ni mambo ya mama yangu."

Halafu siku moja ulilala baada ya chakula cha mchana, na chai yako ikapoa. Nilikuwa kazini.

Niliporudi yadi, kilio kimeisha, pamba ilikuwa imefunga, jani juu ya jani. Ulisemaka miche ikishaanza kubanana hivyo inanyongana. Na Uncle alikuwa amechoka kuzunguka mashine kila akitaka kupitisha bakki, ile pikapu yake. Lori la kupeleka vyuma kuyeyushwa linakuja Ijumaa, akasema. Itembee kabla ya hapo ama ipande lori.

Donc ilikuwa Alhamisi. Visu nilikuwa nimeshavigeuza tena vile vinatakiwa, gia nimeziosha kwa dizeli, nimeweka grisi. Punda hatuna. Tukafunga kamba, Sipho mbele na wavulana wawili wa yadi. Sipho akasema, "Eish, Riziki, mimi nilimaliza shule. Mama yangu asione hii." Wakavuta, visu vikaruka juu ya udongo bila kukata kitu. Mashine ilikuwa nyepesi, ilitaka mtu ku kiti. Tukaangaliana, halafu wote tukamwangalia Uncle. Koko, alipanda na kikombe chake cha chai. Alikaa vizuri kabisa, tumbo juu ya magoti, na visu vikashika.

Kra, kra, kra. Mstari mzima uliisha chai ingali na moshi.

Mimi nilikuwa nakimbia nyuma. Nilitaka kupiga kelele ya furaha, na pia niliona. Pale iliporuka miche ilibaki bunda bunda, mizima na migonjwa pamoja. Pale mbegu hazikuota, ikaruka palepale, ikaacha udongo mtupu, halafu ikafyeka mche mzuri wa jirani. Neno lako la ajali nililisikia kabisa, kama uko ku waya umeshika sakoshi.

Uncle hakuona hayo. Aliona kitu kinatembea. Akatoa simu, akasema sasa tupite na mstari wa pili, Sipho avute kidogo na upande, yeye apige video. Mara moja ni bahati, akasema, nataka kuona mara mbili. Wavulana wakahamisha kamba. Gurudumu lilikuwa limefika pale penye jiwe lako.

Nikasema hapana. Huu uko na mwenyewe.

Akaniuliza kama nataka mashine ama nataka majani. Nikasema nataka mashine, lakini huu uko na mwenyewe. Sipho akaachilia kamba. Uncle akamwaga chai iliyobaki, akashuka, akaenda ofisini.

Basi nikapiga magoti. Mwanzoni niliacha ile mirefu, mikono ilienda yenyewe, kisha nikakumbuka ulivyosema mrefu unatafuta jua tu, utaanguka, angalia mguu, pale shina linatoka udongo. Nikaangalia mguu. Vidole viwili vinabana ule unabaki, mkono mwingine unang'oa. Mgongo wangu mimi uko mbali na udongo, Koko. Sipho alileta maji, akasimama, kisha akapiga magoti upande ule mwingine, naye anaacha mirefu, na mimi namwambia angalia mguu.

Ijumaa lori lilikuja, likaenda. Asubuhi hiyo Uncle alikuwa ametembea kati ya mistari yote miwili, mikono nyuma, na akafunga mashine na mnyororo ku nguzo ya mlango ili isibebwe. Jumatatu akanitupia miwani ya kuchomelea toka karakana, akasema nisiipoteze.

Juu ya mashindano: Sipho anasema ni sare. Mashine ilikushinda kwa mbio, wewe umeishinda kwa miche. Aline anasema mashine ni yangu, donc nimeshindwa mimi, nipike. Nilipika sombe. Mama alikula, akajipakulia tena.

Mbegu zilizobaki mu sakoshi yako nimeziweka mahali pakavu. Msimu ujao natia mistari miwili tena, mmoja wa mashine, mmoja wangu, na Aline atakuja kujifunza kuangalia mguu, apende asipende. Hiyo nakuahidi. Na pamba hii ikifunguka, haitakaa ku meza ya mtu. Nitaziba nayo lile bonde la godoro.

Lala salama, Koko. Shimo la kwanza sikuligusa. Miche inabanana vibaya, mikono ilitaka kung'oa, nikarudisha tu jiwe mahali pake, nikasimama. Leo mvua imenyesha.

Riziki wako