Kwa Bi Pindo, Mgeni Aliyekula Kila Alichopikiwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu uliporudi nyumbani umebebwa, wewe uliyetoka mlangoni ukiburuta sanduku na kukataa kusaidiwa.

Ulikwenda kumtembelea rafiki yako wa kwaya, aliyehamia ng'ambo na mumewe kwa kazi ya umisionari. Miaka yote alikuita: "Njoo, Bi Pindo, uwaone watu wetu wa huku." Ukashona sare za shule hadi vidole vikaota sugu, ukakata tiketi mwenyewe.

Na ulifurahi, hilo hatulikani. Binti yako akitoka darasa la jioni, simu inaita. Ni wewe, uko jikoni kwa watu, uso umejaa mvuke.

"Mwanangu, majirani wa huku hawasemi neno mpaka sahani ziishe. Nifikirie mimi nimenyamaza."

"Dawa yako hiyo," Baba akadakia.

Ulicheza ngoma zao, magoti yakilalamika. Walikufundisha kushona ukosi wa magauni yao, nawe ukawafundisha pindo lako lisiloonyesha uzi. Kila nyumba ilikupikia: samaki wa kukaushwa kwa chumvi, mboga zilizolala kwenye chumvi. Ukala vyote.

Hapo ndipo tunapokukasirikia, Mama. Daktari alikukataza chumvi. Nyumbani tulikupikia sufuria yako pembeni. Kule hukumwambia mtu. Mama Mdogo alipokuuliza kwa simu kama umewaeleza wenyeji habari ya presha, ulicheka. "Mtu ameamka alfajiri kunipikia, nimwambie chakula chake kinaniua? Mgeni hachagui."

Vidonge ulivimeza kwa kujificha. Vilipoisha, hukuomba kupelekwa duka la dawa, usije ukawatia watu wasiwasi. Kiharusi kikakuangusha mezani kwao.

Adabu hiyo ndiyo uliyotulea nayo, na tuliisifu. Leo ni shubiri. Uliwastahi wenyeji kuliko ulivyotuhurumia sisi. Mjukuu wako amezaliwa na paji lako la uso. Anajifunza kusimama kwa kushika meza ya cherehani, na bibi wa kumwimbia "simama dede" hayupo.

Rafiki yako kila akipiga simu analia. "Ningejua, ningempa hata uji mtupu."

Mama Mdogo hakutaka kumsikia. "Amemlisha dada yangu mpaka kaburini."

"Shemeji," Baba humwambia, "angejuaje, na mwenyewe alificha?"

Nyumba imegawanyika kwa neno hilo. Sasa rafiki yako ameomba kuja kwenye ibada yako ya kumbukumbu. Tumekubali. Atalala chumbani kwako. Mama Mdogo aliapa kwamba siku hiyo hatakanyaga hapa.

Jana alikuja jikoni, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. "Huyo mgeni wenu," akasema, "kuna chakula alichokatazwa?"

Binti yako akasema hajui. Akabonyeza namba, akamnyooshea simu amuulize mwenyewe. Mama Mdogo aliitazama ikiita. Kisha akaweka mkoba chini, akaipokea.

Unakumbukwa kwa mapenzi, na kwa hasira isiyoisha upesi, na mumeo, mdogo wako, binti yako na mkweo, mjukuu wako usiyemwona, wanakwaya wenzako, na wateja wa barazani ambao bado hawajapata fundi.

Hatukusahau, Mama, wala hatutakusahau.