Jina la Mwenye Jengo

Jumanne, Katesh. Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi, na upepo unapita chini ya mlango wa duka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Leo nimetaja jina la baba mkwe wangu mbele za watu. Mara mbili.

Nianze mwanzo. Wiki iliyopita nilifungua duka la maziwa kwenye jengo la baba mkwe, hapa mjini. Jengo lina vyumba viwili, kila kimoja na mita yake ya umeme. Cha pili yumo kinyozi. Changu kilikaa kimefungwa muda mrefu, na mimi nikaingia kwa furaha, nikapaka rangi, nikaweka friji. Hakuna aliyeniambia kwamba kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mita isiponunuliwa umeme deni linakaa linamsubiri atakayekuja.

Aliyekuja ni mimi.

Jana umeme uliokuwemo ulikwisha. Nikanunua kwa hela yote niliyokuwa nayo, zikaja uniti za kuchekesha, zikaisha usiku huo huo. Nikamuuliza kinyozi, akasema na yeye anakatwa kila mwezi. Jengo moja, paa moja, kodi mara mbili, na hakuna mtu aliyewahi kwenda ofisini kusema.

Kwenye friji kuna maziwa ya wamama wa kijiji cha Balangdalalu, mama mkwe akiwa mmoja wao. Wanayatuma asubuhi kwa bodaboda, nami nawalipa nikishauza. Yakiharibika leo, kesho hawaleti, na wala hawatagomba. Watanyamaza tu, na duka litakuwa limekufa.

Basi nikaenda ofisi ya kodi. Nikasalimia wazee waliokaa kwenye benchi, shikamoo moja moja, wakaitikia. Kijana wa mezani alinisikiliza vizuri. Akasema jambo ni dogo, mita moja inaondolewa kwenye kodi. Kisha akauliza, "Mwenye jengo anaitwa nani?"

Hapo ndipo nilipoganda.

Mimi ni Mwiraqw wa Tumati, lakini nimeolewa kwa Wadatoga, na huku mke hatamki jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo analikwepa, anatafuta lingine. Mama mkwe alinifundisha mwenyewe nilipofika, kwa upole, jioni baada ya jioni. Nimelishika hilo miaka yote. Nikajibu kama ninavyomwita nyumbani, kwa jina la binti yangu: "Babu Neema."

"Babu Neema hayumo kwenye mfumo, dada."

Nikaomba kalamu niandike, ingawa moyoni nilijua kuandika nako ni kutaja. Akasema jina analiona kwenye kompyuta, anataka alisikie kwangu ajue kweli jengo nalifahamu. Nikampigia mume wangu amtajie yeye. Yuko safarini na lori, hapatikani. Nikamweleza kijana kwamba ni mkwe wangu. Akatabasamu, mtu wa mbali huyo. "Sasa si ndiyo vizuri, unamjua."

Niliona hasira. Kwake, kwa mume wangu, kwa jengo lenyewe. Nilifikiria kurudi nyumbani. Nikafikiria maziwa yanavyopata joto ndani ya friji lililozimika.

Nikalitaja. Kwa sauti ndogo.

"Sijasikia, dada. Sema vizuri."

Nikalitaja kwa sauti. Bibi mmoja kwenye benchi, kwa shanga zake ni Mdatoga kabisa, akavuta shuka akafunika mdomo.

Kazi ikaisha upesi baada ya hapo, na lile deni likaondolewa. Nikapita tena mbele ya yule bibi, nikasema shikamoo.

Hakuitikia.

Nimekopa kidogo kwa kinyozi, nimenunua umeme, uniti zimekuja za kutosha. Maziwa nimeyaonja, ni mazima. Ningepaswa kucheka leo. Badala yake nimekaa nyuma ya kaunta naangalia simu, na kila bodaboda ikisimama nje nashtuka.

Jioni mama mkwe akapiga. Nilijua kabla sijapokea. Katesh ni mji mdogo.

"Umelitaja?"

"Nimelitaja, mama. Maziwa yalikuwa yanaharibika."

Nikasikia ng'ombe wanaingia zizini kule kwake.

"Baba yako anasema kesho anakuja huko mwenyewe." Akakata.

Hakusema anakuja kufanya nini. Kuchukua chumba chake? Kunisikiliza? Hajawahi kufika dukani hata siku moja.

Nimefuta kaunta mara ngapi sijui. Nimetoa kile kibuyu alichonipa mama mkwe, nimekiosha, kesho nitampa baba mkwe maziwa kwa hicho, siyo kwa kikombe cha plastiki. Nitainamisha kichwa nimsalimie. Akiniuliza, sitadanganya, na sitasema najuta kuokoa maziwa ya wake za watu, kwa sababu sijutii. Kinachoniuma ni yeye, na yule bibi aliyeniacha na shikamoo yangu mkononi.

Naogopa sana. Friji linanguruma vizuri. Na jina lake, angalieni tangu juu mpaka hapa, sijaliandika.