Mraba wa Tepu Nyeupe

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 6,
Hospitali Kuu.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia, na Mzee ameacha kukufichia redio. Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Uliniuliza kwa nini nikikupigia simu naacha maneno katikati. Ni hii kazi ya chumba cha dharura. Hapa hakuna anayemaliza jambo kabla hajaitwa kwenye jingine, na mtu anafika nyumbani bado anageuka kila mlango ukilia.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naandika dawa ya degedege ya mtoto mchanga. Kwenye mstari huo mmoja nilisemeshwa mara nne: maabara kwenye simu, msukuma machela anataka sahihi, daktari mwenzangu na picha yake ya kifua, na bwana mmoja anayetafuta choo. Niliporudi kwenye karatasi, mkono ukamalizia wenyewe. Niliandika kipimo kilichozidi mara kumi. Muuguzi wetu mkuu, mama tunayemwita Kamanda, aliisoma mara mbili akanirudishia. Mtoto hakupewa. Mimi nilikwenda stoo nikalia.

Nikasema sasa basi. Nikachukua tepu nyeupe ya kufungia vidonda, nikabandika mraba sakafuni kuzunguka meza ya kuandikia dawa, na tangazo ukutani: daktari akiwa ndani, asisemeshwe. Kamanda alinicheka, eti nimejijengea boma. Lakini kwa siku kumi niliandika mistari mizima bila kukatizwa, nikaanza kujiona mjanja. Unanijua.

Jumatatu hii, saa nne asubuhi, nilikuwa ndani ya mraba na karatasi sita mbele yangu. Kwa pembe ya jicho nilimwona mzee mmoja, fundi cherehani, amesimama ukingoni, kofia mkononi, viatu havigusi tepu. Mkewe alikuwa kitanda cha nne kwa sababu ya pumu, na tulikuwa tumeshampa dawa ya kuvuta. Nikamaliza karatasi zote sita. Nilipoinua kichwa, akasema kwa adabu zake zote, "Samahani daktari, nilikuwa nasubiri umalize. Mama ameacha kukohoa."

Alikuwa ameacha kupumua. Tulihangaika naye mpaka moyo ukashika tena, lakini hadi leo anapumulia mashine na hajafumbua macho.

Keshokutwa kuna kikao. Mganga mkuu ameshaniambia nisiwe na wasiwasi, mraba ulikuwa wazo zuri na hakuna wa kulaumiwa. Hicho hakinisumbui. Anayeninyima usingizi ni yule mzee. Kila siku ananifuata kwenye korido kuniomba radhi mimi. Anasema angejua, angepiga kelele. Nami namwambia pole baba, napita haraka, kwa sababu nikimwambia kosa si lake itabidi niseme ni la nani. Naona aibu, Shangazi. Naogopa pia.

Siwezi kurudi kusemeshwa na watu wanne kwa wakati mmoja, na mraba ule siwezi kuukanyaga. Tangu asubuhi nazunguka chumbani, nakaa, nasimama, chai imepoa mara mbili. Nimejiapiza kwamba nikishafunga bahasha hii naenda wodini kukaa na yule mzee.

Nisalimie Mzee, dada mkubwa na mapacha wake, na jirani yako mgomvi wa mambo ya kuku. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na huyo mama wa kitanda cha nne mtie kwenye dua zako.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Mwanao Mbishi

Tanbihi: Bahasha sikuifunga, nilikwenda kwanza. Nilimweleza kwamba mraba nilibandika mimi, na kwamba nilimwona amesimama nikaendelea kuandika. Akauliza, "Kwa hiyo ningekuita, usingenifokea?" Jibu zuri, kwamba nisingemfokea, lilikuwa mdomoni tayari. Ningemfokea, Shangazi, na nilimwambia hivyo.