Daraja la Kijani

4 Machi

Mwanangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha, au unanificha? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisema kila nikipanda ngazi, nami nalijibu. Vaa soksi.

Sasa ugomvi. Ndani ya bahasha hii ya rejista mna vifuko viwili. Chenye herufi M ni cha Mwalimu. Chenye S ni changu mimi Shangazi. Kila kimoja kina Daraja la Kijani, ile stempu ya senti tano yenye daraja la reli, ambayo ulipokuwa mdogo nilikukataza hata kuipumulia. Yangu unaijua. Marehemu mume wangu alinipa siku tuliyotimiza miaka kumi ya ndoa, akiwa ameshaibandika, na haijapata kubanduka kwenye ukurasa wake. Nimeukata ukurasa wenyewe kwa mkasi ili niilete na karatasi yake.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, chama chetu cha wakusanyaji stempu kilikuwa kinachagua vitu vya maonyesho ya Agosti. Mwalimu akaja na Daraja lake, eti kaliokota ndani ya kitabu kikuukuu cha hesabu. Nikaliweka kando ya langu. Mwanangu, usiku na mchana! Lake limepauka kama majani yaliyochemshwa. Na muhuri wake! Umelala upande, nusu ya herufi zimelewa wino, nusu zimetoroka. Nimegonga mihuri dirishani posta miaka thelathini na mmoja, na karani wangu angegonga hivyo ningemhamishia stoo. Tazama wangu: robo duara kwenye pembe, safi, kila tarakimu inasomeka. Yule karani alikuwa na mkono! Basi nikasema mbele ya wote, "Mwalimu, hii ni bandia, na mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote alipaswa kuona."

Hakubisha. Alivaa kofia yake taratibu, akaniachia ile stempu mezani, akasema, "Mpelekee mtoto wako mwenye lenzi. Akisema ni bandia, nitakubali." Akatoka. Tangu siku ile haji kunywa chai. Miaka ishirini na zaidi amekuwa akija kila Jumatano alasiri, tangu mume wangu akiwa hai, na sasa Jumatano inapita tu kama Jumanne. Lakini mimi sijali. Nataka cheti chenye muhuri wa ofisi yenu ya kukagua stempu, nikibandike ukutani chamani akione.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, soksi nimevaa, na goti lako nalipelekea pole kwa kuishi na mtu asiyekubali kushindwa.

Bahasha imefika, mafundo matatu ya uzi na nta juu. Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka kabla ya saa nne, aliicheka saa mbili na nusu. Akasema, "Huyu aliyefunga hivi ni mtu wa posta." Nikajibu ni shangazi yangu, nikavimba kichwa siku nzima.

Foleni ni ndefu, ila nimekuchomeka. Unajua tunavyofanya hapa? Meza yangu iko dirishani, upande ambao jua haligongi moja kwa moja. Stempu ikija hatuitazami usoni. Tunaanza mgongoni: karatasi, gundi, na alama ya maji, ile chapa iliyojificha ndani ya karatasi. Uso tunaufunika kwa kikaratasi cheusi hadi mgongo useme yake, kwa sababu uso mzuri unalaghai. Ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na anayeivunja ananunulia ofisi nzima maandazi.

Kwa hiyo naomba ruhusa. Ya Mwalimu iko huru. Yako imegandishwa ukurasani kwa kile kikaratasi cha gundi. Naweza kuibandua kwa unyevu, polepole, bila kuiumiza. Niseme?

Na nikuulize kama mtani: unataka cheti, au unamtaka mtu wa chai?

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote wazima, yaani mimi na paka wa jirani.

Umekuwa mjuzi mpaka unaniuliza maswali ya chai! Jibu ni kwamba nataka cheti. Ni kweli Jumatano iliyopita niliteremsha vikombe viwili kabla sijakumbuka, lakini hiyo ni mikono tu, mikono haina akili. Yeye amepita dirishani kwangu mara mbili, ameshika gazeti, macho mbele kama askari wa gwaride. Jana Fundi Saa, mwenyekiti wetu, kaniambia Mwalimu amerudisha ufunguo wa chumba cha chama. Amejitoa. Nilidhani atanuna wiki moja.

Sikiliza, nitasema mara moja tu. Katika watu niliozeeka nao, aliyebaki wa kunikatalia jambo usoni ni yeye peke yake. Wengine wananiitikia tu. Basi harakisha, apate cheti, akubali, aje.

Ruhusa umepewa. Ibandue, lakini ukiikwaruza usirudi ukoo huu.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Habari za goti? Habari za paka? Huku mvua inanyesha sana. Ilianza Jumatatu, ikapumzika Jumanne asubuhi, ikaendelea. Barabara ya ofisini imejaa maji, watu wanavuka wameshika viatu.

Ile taa yetu maalumu ina hitilafu, na mkuu amesafiri, kwa hiyo cheti kitachelewa kidogo. Hakuna la kukuhangaisha.

Hivi, mume wako aliinunua wapi ile stempu? Alikuwa peke yake siku hiyo?

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti zima, paka mzima, mimi si mzima, kwa sababu nimeletewa barua ya mvua.

Nimekulea miaka saba wazazi wako walipokuwa safarini. Siku ulipovunja chungu changu cha maua ulikuja kunieleza habari za mawingu. Umekuwa na ndevu na bado ni mawingu tu! Umeona kitu. Kama ni cha kumtetea Mwalimu, sema, nina kifua cha kubeba. Kama ni kingine, sema vilevile. Wapi alinunua sijui, sikuuliza. Mtu akipewa zawadi haombi risiti.

Usinifiche. Ninakuamini wewe kuliko ninavyoamini macho yangu, na macho yangu unajua ninavyoyaringia.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe ile mvua. Kaa chini kwanza, tafadhali.

Ya Mwalimu ni halali. Nimeipitia mara tatu, na mkuu mara mbili. Ilichapwa kwa bamba la chuma lililochongwa kwa mkono, ndiyo maana wino umeinuka. Ukiiinamisha chini ya taa unaona kila waya wa daraja na kivuli chake. Nilipoilowesha kwenye kisahani cheusi, alama ya maji ilijitokeza yenyewe. Imepauka kwa sababu imekaa juani. Na ule muhuri mbaya ni wa kweli kabisa: wino wake umelala juu ya kijani, umevuka meno ya stempu, na umevujia nyuma. Karani aliyeugonga alikuwa na foleni ndefu na mpira uliochakaa. Wewe unawajua makarani hao, Shangazi. Uliwahi kuwa mmoja wao.

Yako ni nakala. Kwenye lenzi daraja lote linageuka vitone, kama picha ya gazeti. Alama ya maji hakuna. Na muhuri, ule uliokuwa ukinionyesha utotoni, ukisema hivi ndivyo kazi inavyofanywa: chini ya weusi wake hakuna kijani hata chembe. Muhuri na daraja vilichapwa pamoja, kiwandani, kwa mashine moja. Ndiyo maana ni safi. Hakuna karani aliyeugonga. Nadhani mtu mwingine yeyote angetazama daraja, akashtuka. Wewe ulitazama muhuri, ukapenda kazi, ukaishia hapo.

Na jambo la mwisho. Nilipokibandua kile kikaratasi cha gundi, mgongoni nilikuta neno moja dogo limechapwa: NAKALA. Halikufutwa, halikukwaruzwa. Aliyeitengeneza hakumdanganya mtu. Aliyeiuza pia, nafikiri. Sasa mume wako alijua au hakujua, lenzi yangu haifiki huko.

Nimeandika vyeti vyote viwili. Nilitamani kalamu iishe wino kabla ya cha pili.

Nakupenda sana, Shangazi. Niandikie hata tusi.

Mwanao


8 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Wiki nne sasa. Nimepiga simu mara sita, inaita tu. Nimemwandikia Fundi Saa, kanijibu, "Yuko hai, ana kelele," basi nikashusha pumzi kidogo. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nakula vibaya, na nimewanunulia ofisi nzima maandazi kwa kutazama uso wa stempu ya mtu kabla ya mgongo. Akili haipo.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Kula chakula. Mimi mzima kabisa, goti limenyamaza, na karatasi hii naiandika mezani kwangu, Jumatano, saa kumi na moja jioni, vikombe viwili vikiwa vichafu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaitia kwenye kopo la sukari, nikafunga. Nikakukasirikia wewe kwanza, kwa sababu uko mbali na ni rahisi. Kisha nikamgeukia mume wangu. Picha yake iko ukutani juu ya redio, nikaigombeza siku tatu mpaka jirani akabisha hodi akidhani nina mgeni. "Ulinipa kitu cha uongo siku ile! Siku ile!" Yeye anatabasamu tu, unajua ile picha. Nikalia, mwanangu. Nimelia kuliko nilivyolia mazishini, maana mazishini kulikuwa na watu wa kuwapikia.

Nyani haoni kundule, na nyani ndiye mimi. Ikanichukua wiki tatu kulikubali hilo, na wiki nyingine kuvaa viatu. Nikaenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimepanga hotuba yenye utangulizi. Alipofungua mlango hotuba yote ikayeyuka, nikasema tu, "Yako ni halali. Yangu ni nakala."

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Yako. Nilikuwepo."

Alinikalisha. Walikuwa wawili siku ile, yeye na mume wangu, duka la vitabu la karibu na stesheni. Mlangoni palikuwa na sinia la nakala, wanawauzia watoto wanaoanza kukusanya. Mume wangu akaona lile Daraja lenye muhuri mzuri, akacheka peke yake. Akamwambia Mwalimu, "Nitampelekea mke wangu. Mtu wa mihuri yule, dakika moja haitimii atanishika, na hapo ndipo nitampa saa ya mkono niliyomnunulia kweli." Unaikumbuka ile saa? Aliniambia ni ya siku ya kuzaliwa, akanipa miezi minne baadaye, na mimi nikashangaa tarehe iliyochongwa mgongoni mwake haifanani.

Maana sikumshika. Niliiona stempu, nikaona ule muhuri, machozi yakanitoka, nikamkumbatia mpaka akakosa hewa. Kesho yake akaenda kwa Mwalimu asubuhi na mapema. "Nimekwama," akamwambia. "Jana amewaonyesha majirani wote. Nikisema sasa nitamvunja." Ikawa kila mwaka akisema nitamwambia mwaka ujao. Hata hospitali, wiki ile ya mwisho, alimwambia Mwalimu, "Ile habari uiache hivyo hivyo."

Nikamuuliza Mwalimu, "Na siku ile chamani nilipokuumbua mbele ya watu, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba yangu ni nzuri kwa kuwa ya marehemu ni mbaya?"

"Lakini ni wewe uliyesema nimpelekee mtoto!"

"Nilisema umpelekee yangu," akang'aka, na hapo nikajua tumepatana. "Nani alikutuma utie na yako? Hujapata kusikiliza maelekezo hata siku moja!"

Jumamosi nikasimama chamani. Nikaeleza yote, pamoja na muhuri, pamoja na makosa yangu, mbele ya watu walewale na kwa sauti ileile. Nikamwomba radhi kwa jina lake la Mwalimu. Fundi Saa akafuta miwani mara nne. Mwalimu akasema nimeeleza vizuri ila nimeruka hatua moja ya ushahidi, alama ya maji, na akasimama kuieleza mwenyewe kwa dakika ishirini, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Ufunguo amerudishiwa.

Zote mbili zitaingia kwenye maonyesho, fremu moja, bega kwa bega. Hatutaandika ipi ni ipi. Tutaweka lenzi kwa kamba na kuwaacha watu wabishane. Fremu inafungwa tarehe kumi Agosti, kwa hiyo tunazihitaji kabla ya hapo.

Ya Mwalimu itume kwa rejista, ifunge kama nilivyokufundisha. Hiyo ni stempu, njia inaijua. Yangu usiitie posta. Uilete mwenyewe, kwa mkono.

Shangazi yako