Samahani Nzuri Kupita Kiasi

Kwa dada yangu mkubwa, Bi Mwanaisha, Faza.

Shikamoo dada. Kabla ya neno lolote nataka habari za magoti. Yanakubali kupanda ngazi, au bado shemeji ndiye anayekwenda juu kuanika nguo? Kama ni yeye, mwambie namwonea fahari, ila aanike upande wa nyuma, majirani wasimwone. Sisi hapa Malindi tu wazima, alhamdulillahi. Mke wangu anaendelea vyema, nami naendelea kunenepa.

Kazi ya duka la kompyuta inakwenda. Ila mashine hii, dada, inatuingia kichwani. Wateja siku hizi hawaniombi niwaandikie barua. Wananiambia niiulize kompyuta iwaandikie, nayo hujibu kabla mtu hajamaliza kukohoa. Mwenyewe sijasalimika. Juzi mke wangu kaniuliza nataka kitoweo gani, nikamkodolea macho nikingoja aniletee majibu matatu nichague moja.

"Athumani," akasema, "mimi si kompyuta. Fungua mdomo!"

Sasa sikia ya Bi Zuhura na Bi Khadija, majirani zetu wanaopika mahamri ya mtaa mzima. Bi Zuhura hukanda unga, Bi Khadija hukaanga; ndivyo walivyo tangu usichana wao. Mwezi uliopita wakagombana. Huyu kasema mahamri yanaunguzwa, yule kajibu unga hauumuki. Wakatengana, kila mmoja akapika kivyake, na sisi tukapata taabu na chai zetu. Ya Bi Zuhura yaliungua nje yakabaki mabichi ndani. Ya Bi Khadija ungeweza kujengea ukuta.

Bi Zuhura akaja dukani. "Mwanangu, niandikie samahani nimpelekee yule. Lakini si kwa maneno yako, weye huna adabu. Iambie kompyuta."

Ikaandika maneno laini kama hariri, nikayatuma kwenye simu ya Bi Khadija. Baada ya adhuhuri naye huyo, kafika: "Niandikie jibu. Na liwe zuri kuliko lake."

Basi wiki nzima nikawa najiandikia mwenyewe. Asubuhi mimi ni Bi Zuhura, jioni mimi ni Bi Khadija. Samahani zikazidi kupendeza, na wenyewe wakazidi kuwa mbali. Wakipishana njiani: "Habari za asubuhi, Bi Khadija." "Njema, ahsante, Bi Zuhura." Watu walioitana shoga maisha yao yote! Hapo hofu ikanishika. Ugomvi huwa una mwisho. Adabu ile niliona haina.

Alhamisi wakakutana mlangoni pangu, kila mmoja kaja kutaka maneno yake. Bi Khadija akatoa simu akasoma kwa sauti: "'Nathamini sana mchango wako katika maisha yangu.' Mchango? Nimekuchangia nini mimi, Zuhura? Mabati ya msikiti?"

"Sikusema mimi, imesema mashine!"

"Na neno lako weye liko wapi?"

Nikaiona midomo ya Bi Zuhura inacheza, neno halitoki, na mimi nikajikaza nisimsaidie. Mwishowe likatoka: "Nimekukosa, mwanamke weye! Mahamri yangu watu wanawatupia kuku. Na kuku wanayakataa!"

Bi Khadija akashika mlango apate kucheka vizuri, machozi yakimtoka. "Na yangu yamemng'oa jino fundi wa cherehani. Mkono wako wa unga siupati, shoga yangu."

Kisha wakakumbuka kwamba wamegombana. Wakaanza upya pale pale, nani aliunguza, nani hakuumua, wakatoka wameshikana mikono, wala hakuna aliyeniaga. Leo mahamri ni yale yale tuliyoyazoea. Nimekula na mbaazi mpaka mshipi umenisuta.

Nisalimie shemeji na kikapu chake cha nguo. Mwanao mwalimu wa madrasa mwambie mjomba wake anamwombea mke mvumilivu. Shangazi yetu mkongwe, aliyetulea kwa fimbo na kashata, mbusie mkono kwa niaba yangu.

Naiweka kalamu hapa. Wale wawili wameanza tena huko nje, na sitaki linipite hata neno moja.

Ndugu yako akupendaye,
Athumani