Upande Huu Hayupo

Jumatatu, 4 Agosti
Ukungu mpaka saa nne. Wanafunzi sita leo kwenye kibanda changu cha kuigiza urubani. Kiti cha gari bovu, skrini tatu, usukani niliouchonga mwenyewe. Mmoja ameangusha ndege ya kwenye skrini mara tano, akacheka, akaanza upya.

Mchana nimerudi kwenye chombo cha kuzamia. Bomba la plastiki, kamera, taa, waya mrefu. Mpaka sasa kimezama kwenye pipa tu. Sokoni nimewaambia watu kinafika mita thelathini, na mwaka huu nakipeleka baharini, Tanga. Sijui kwa nini nasema hivi. Najua. Napenda wanavyonyamaza kunisikiliza.

Jumatano, 6 Agosti
Mbwana, mkulima wa kabichi njia ya Shume, hajaonekana tangu jana. Alitoka kwenda kuzibua bomba la kumwagilia. Leo kandambili zake zimekutwa ukingoni mwa bwawa.

Mdogo wake, Shabani, amenifuata karakana. "Fundi, wewe una mashine inayoona chini ya maji. Tusaidie."

Ilinipasa nimwambie ukweli. Nimesema twende.

Jioni, siku hiyohiyo
Ukingo umejaa watu. Chombo kimeshuka kama mita tatu, picha ikatikisika, ikawa nyeusi. Maji yameingia. Nimejua palepale kwamba kimekufa.

Nimejifunika shuka kichwani, kama mtu anayekinga mwanga. Nimeitazama skrini nyeusi robo saa nzima. Kisha nikatoka nikasema: "Upande huu hayupo."

Wameniamini. Vijana waliokuwa wanavua mashati wazame wamevaa tena. Shabani amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, 7 Agosti
Bwawa wameliacha, wanamtafuta msituni. Wengine wameteremka Bumbuli, kuuliza hospitalini.

Nimekifungua chombo. Mpira wa kuzuia maji niliuweka vibaya. Kosa la mtu anayeanza kujifunza.

Nimefika mpaka mlangoni kwa Shabani. Nikasikia watu ndani. Nikarudi. Mwoga.

Ijumaa, 8 Agosti
Amepatikana. Vijana wamechoka kutafuta msituni, wakarudi bwawani, wakazama na kamba. Alikuwa palepale nilipoteremshia chombo changu.

Amezikwa baada ya swala ya Ijumaa. Nimetia udongo kama wengine. Mtu mmoja amenishukuru kwa kujitahidi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kwa mjane, Bi Zaina. Yuko eda, pazia katikati yetu. Shikamoo. Marahaba. Nimeeleza yote, Shabani akiwepo. Kabla sijamaliza, Shabani akainuka akatoka nje.

Bi Zaina ameuliza, "Ulijua siku ileile kwamba hukuona kitu?"

"Nilijua."

Halafu akasema, "Uliposema hayumo majini, nikajua yu hai. Siku mbili nimempikia. Namwekea, nafunika."

Sauti yake haikutetemeka. Aliyelia ni mimi, na hilo nalo limenitia aibu. Sikwenda pale ili nibembelezwe.

Jumapili, 10 Agosti
Hitima. Habari yangu imeshaenea. Nimekaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyekaa karibu nami.

Baada ya dua masinia yakapita. Langu halikuja, wala sikulitazamia. Kisha Shabani akaja nalo mwenyewe, akaliweka chini, akaketi upande wa pili. Hakuniangalia. Akanawa, akanisogezea birika.

Nimenawa. Tumekula sinia moja.