Mkate wa Lava

Stuttgart, 28 Agosti 1993

Mpendwa dada Venera,

Pokea salamu zangu baada ya miaka yote hii ya kadi za Krismasi zisizo na neno ndani. Mimi mzima, ila goti. Hilde mke wangu ni mzima kuliko mimi. Wewe hujambo? Mama hajambo? Macho yake je?

Hilde amekata tiketi. Tunakuja wiki moja, kuanzia Jumapili tarehe 12 Septemba. Tutalala Aci Trezza siku tatu, kisha Riposto kwa Bi Agrippina, pale karibu na gati, na Jumamosi turuke kurudi. Yeye anataka kula na kutazama. Anasema amechoka kusimuliwa vyakula na mtu asiyemwonjesha. Basi niandikie ni wapi bado wanapika sawasawa.

Ila kule juu Fornazzo sitapanda, dada, na Mama usimwambie. Unajua sababu. Mwaka ule wa lava Mama alifagia nyumba ya shambani, akatandika kitambaa cheupe, akaweka mkate na chupa ya divai, ili lava ikifika ikute meza kama mgeni yeyote aliyetoka mbali akachoka. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nahamisha mapipa tangu alfajiri. Nikaingia jioni na njaa yangu, nikaona meza, nikakaa. Nikala mkate wote, divai nikaimaliza. Kesho yake lava ikachukua nyumba, na kisima, na mizabibu ya Baba.

Maneno uliyoniambia mlangoni mwa kanisa ninayo mpaka leo: "Umekula chakula cha mgeni, ndiyo maana mgeni amekula nyumba." Nitakaaje tena mezani kwa Mama?

Nieleze tu ya vyakula.

Mdogo wako,
Cirino


Fornazzo, 5 Septemba 1993

Mdogo wangu Cirino,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisomea nyuma ya tanuri, mara tatu, mpaka mikate ya kwanza ikaungua, na wateja wakaniuliza kama nimepata mchumba uzeeni. Sisi wazima. Mama ametimiza themanini na tano. Macho yake sasa yana ukungu, lakini hugonga mkate chini kwa kidole akakwambia kama umeiva, na hajakosea hata siku moja. Pole ya goti. Lipake mafuta ya zeituni ya moto, usilionee haya.

Sasa vyakula. Asubuhi msile kitu kingine ila barafu ya lozi iliyosagwa, pamoja na andazi lake. Dagaa muwaombe wabichi, walioiva kwa limau tu bila moto. Tambi za biringani mle zilizopikwa na mwanamke nyumbani kwake, msile hotelini. Mpungate, ule wa matunda matamu, ndio kwanza unaiva, ila mwambie wifi asiuchume kwa mikono mitupu, maana miba yake haina huruma na mgeni. Divai mnywe ya huku juu, hata mkiinywea huko chini.

Binamu yetu Delfo bado ndiye dereva wa gari letu la mkate. Hushuka pwani kila asubuhi. Ukiwa na neno, mpe yeye.

Hilo la mlangoni mwa kanisa nimelisoma pia. Leo mkono wangu ni mzito. Niombee, nami nakuombea.

Dada yako,
Venera


Aci Trezza, Jumanne 14 Septemba

Dada Venera,

Za tangu Jumapili? Sisi wazima, na tumeshiba mno. Barua hii anakuletea Delfo, aliyenikumbatia mbele ya watu akanipaka unga mwili mzima, kisha akaniambia nimenenepa kama askofu.

Tumefanya kama ulivyosema. Barafu ya lozi Hilde alikula mbili, akanitazama kwa hasira: "Miaka kumi na tisa ya ndoa ulikuwa unanificha hii?" Sokoni nikauliza dagaa kwa lugha ya kwetu, muuza samaki akaita wenzake. "Jamani, njooni! Huyu anaongea kama marehemu bibi yangu! Mzee, umefufuka kaburi lipi?" Nikamjibu, "Hilohilo ulilomtoa samaki wako huyu, mbona tunanuka sawa?" Walicheka mpaka akanizidishia konzi nzima.

Jioni tunakaa kutazama yale majabali meusi yaliyosimama baharini. Hilde anaogelea kati yake. Mimi natia miguu tu, nahesabu: jabali hili ni la Mlima wetu wa moto, mchanga huu ni wa Mlima, ukuta wa chumba chetu ni wa Mlima. Nilikimbia lava, na sasa nimelipa nauli kuja kuikalia.

Kila jioni huko juu huwaka taa moja kabla ya nyingine zote. Hilde huniuliza, "Ile ni kwenu?" Nami husema sijui. Najua.

Kesho tunahamia Riposto. Mama anakula vizuri?

Mdogo wako,
Cirino


Fornazzo, Jumatano 15 Septemba, siku ya Mama Yetu wa Mateso

Mdogo wangu,

Hamjambo wewe na wifi? Mama anakula vizuri, umeuliza. Anakula, anakemea, anasali. Mimi ndiye nisiyekula, na leo nataka kutua mzigo.

Mama amejua. Hakuambiwa na mtu, hata na Delfo, ingawa mdomo wake hauna komeo. Ni mkate uliosema. Jana nilikuokea mmoja wa ufuta mwingi, ule wa kukunjwakunjwa kama nyoka, Delfo akuletee Riposto. Mama akaupapasa. "Huu wa nani? Humu ndani hakuna anayekula ufuta wote huu." Kisha akasema, "Cirino yuko wapi?"

Nikamwambia yote. Na lile ambalo hakuwahi kulijua nikamwambia, kwamba mimi ndiye niliyekufukuza kwa ulimi. Miaka ishirini na miwili Mama aliamini kuwa ulifuata mshahara wa Ujerumani kama vijana wote, na mimi nikamwacha aamini hivyo, huku kila Jumapili napokea Komunyo karibu naye. Nimeliungama kwa mapadri watatu, Cirino. Kwake yeye sikuthubutu. Baba alikuwa amelia mbele yangu siku ile, nikatafuta mtu wa kumtwisha kilio chake, nikakupata wewe. Mlima nisingeweza kuugombeza.

Nilitega shavu nipigwe. Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Nunziata jirani yetu aliiwekea lava paja zima la nguruwe," akasema. "Ikamchukulia nyumba na paja, na asante haikusema! Sasa mimi ningeponea kwa mkate mmoja?" Kisha akaanza kulia, taratibu, kama anayesali. "Katika nyumba ile yote, Venera, ule mkate ndio kitu pekee kilichotoka salama. Ulitoka ndani ya tumbo la mwanangu. Kwa nini hamkuniambia?"

Leo ameamka, amefagia mwenyewe kwa kupapasa. Ametandika kitambaa cheupe, ameweka mkate na divai. Delfo kunyoosha mkono tu, akala fimbo. "Toa mkono wako, mlafi! Wewe umetoka mbali?"

Njoo. Unisamehe kwanza ndipo upande, au upande kwanza ndipo unisamehe, mimi nitapokea vyovyote.

Dada yako,
Venera


Riposto, Ijumaa 17 Septemba, nyumbani kwa Bi Agrippina

Mdogo wangu Cirino,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Stuttgart, maana hapa imekukosa.

Jana Delfo alirudi mikono mitupu. Alisema uliisoma barua yangu ukiwa umesimama, ukaenda zako gatini bila neno. Leo nikaona basi, karatasi zimetosha. Nimefunga duka, nimepanda gari la mkate na aproni yangu, nikawa nasali rozari kila kona, kwa sababu Delfo anaendesha kama mtu aliyekwisha kupewa sakramenti ya mwisho. Nimefika nimekuta chumba kimefagiliwa. Bi Agrippina anasema mmetoka na mizigo yenu mapema, hakuuliza mnaelekea wapi. Nadhani mmewahi Catania kusubiri ndege.

Sikulaumu. Neno langu lilikaa miaka ishirini na miwili, haki yako kukaa na langu la pili hata siku mbili.

Nimetoka hadi gatini kidogo. Sikuwahi kujua kuwa Fornazzo inaonekana hivi kutoka hapa. Dirisha la jikoni kwetu naliona kabisa. Basi uliliona.

Barua hii namwachia Bi Agrippina aitie posta. Mwakani, Mungu akipenda, njooni tena. Mama amesema kitambaa hakikunjwi, nami kila asubuhi nitaoka mpya, ule wa jana tutauchovya kwenye supu.

Dada yako anayekupenda,
Venera


Fornazzo, Ijumaa 17 Septemba, mezani

Dada Venera,

Hujambo huko ulikokwenda? Maana hapa hupo!

Nakuandikia nyuma ya barua niliyoanza jana nikaiacha. Zipo nne za namna hiyo mfukoni. Kila moja inaanza "nimekusamehe", halafu naona haya, maana na mimi ningeweza kuuliza miaka yote hii na sikuuliza. Leo asubuhi Hilde alifunga mizigo akasema, "Mimi napanda basi la saa tatu kwenda kumsalimia mama mkwe. Wewe kaa na dagaa wako." Kwenye kona chini ya kijiji gari la mkate likatupita kama linafukuzwa. Hilde akasema, "Yule mwanamke aliyeshika rozari ana pua yako." Nikapiga kelele dereva asimame. Akasema yeye si punda wa kusimamishwa ovyo.

Mlango ulikuwa wazi. Mama amelala kitini, fimbo mapajani. Hilde ametoka kutazama mahali ilipokuwa nyumba ya shambani. Anasema lava imeota vichaka vya maua ya njano.

Na mimi nimekaa mbele ya mkate. Sijala kitu tangu jana mchana. Ni ule wa ufuta, dada, wa kukunjwa kama nyoka, na bado una joto chini. Sijaugusa. Nimesema nitakusubiri wewe na Delfo, safari hii nile kwa ruhusa.

Ngoja. Mama amefumbua jicho.

"Nani anakwaruza karatasi?"

"Mimi, Mama."

"Mimi nani?"

"Cirino."

Amenipapasa uso, kuanzia paji hadi kidevu, kama anavyopapasa mkate. Halafu akauliza, "Na meza umeifanyaje?"

"Iko kama ulivyoiacha. Namsubiri Venera."

"Ona huyu! Siku zote hizi, na adabu inakujia leo, wakati nina njaa!"

Ameisukuma sahani kwa ncha ya fimbo mpaka imenigonga mkono. Siwezi kuandika tena, mkono una kazi. Mwambie Delfo akimbize gari. Nitajaribu kukuachieni nusu, lakini siapi.

Mdogo wako,
Cirino